KURANDA SI KUZURURA

Wenzangu, wako wasemao kwenda madukani bila pesa ni upuuzi. Mimi nakataa katakata! Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Siku mbili nilijifungia chumbani, chakula hakipiti. Shoga yangu akaja: "Ebu toka, twende tukarande!" Tukapita Shela, hapa Malindi, duka baada ya duka, tukisoma majina ya leso na kucheka, hadi Nguzo ya Vasco da Gama, tukapunga upepo. Hatukununua hata njugu. Karo haikupungua hata senti, lakini usiku ule nilikula, nikafungua vitabu. Walimu, msituite wazururaji. Ila chagueni mwenzi: atamaniye kila akionacho atakuzidishia huzuni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.