Dhahabu imepanda, bima ya bangili zako je?

Kwa wanawake wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, bangili na mkufu si pambo tu, ni akiba. Vinavaliwa siku ya harusi, vinauzwa siku ada ya shule ikikwama. Akiba hiyo sasa imepanda thamani kwa kasi, lakini hata wale wachache walioikatia bima, wengi bado wana hesabu za zamani.

Mwanzoni mwa 2024, wakia moja ya dhahabu kwenye soko la dunia ilikuwa kama dola 2,060. Machi 2025 ikavuka dola 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikapita 4,000 kwa mara ya kwanza. Yaani bangili zilezile zilizo kabatini, thamani yake ilikaribia mara mbili bila wewe kuongeza hata gramu moja.

Hesabu inayouma

Tuseme ulikata bima ya vito vya shilingi milioni 5. Leo vinafika milioni 10. Mwizi anavunja nyumba na kuondoka na bangili za milioni 4. Utasema, "Si nina bima ya milioni 5? Nitalipwa zote."

Siyo lazima. Kampuni inaweza kukujibu kwamba ulikatia bima nusu ya mali yako, kwa hiyo inalipa nusu ya hasara: milioni 2. Hiyo ni kanuni ya uwiano, na imo kwenye mikataba mingi ya bima ya mali. Wengi huisoma baada ya kuibiwa.

"Nina bima ya nyumba"

Wengine wanaamini bima ya nyumba na vyombo inatosha. Dhahabu huwa imo, lakini kwa kikomo. Mara nyingi kito kinachozidi kiwango fulani lazima kiorodheshwe peke yake, pamoja na thamani yake.

Mkufu ukidondoka kwenye daladala au ukumbi wa harusi, bima ya vyombo vya ndani kwa kawaida haihusiki. Unahitaji kipengele cha hatari zote, kinachofuata mali hata nje ya nyumba. Na kitu kikitoweka ndani bila mlango wala dirisha kuvunjwa, madai mengi hugonga mwamba hapo.

Cha kufanya

Peleka vito kwa sonara akupe hati yenye tarehe, karati, gramu na thamani. Vipige picha. Tunza risiti mbali na vito vyenyewe. Kila unapohuisha bima, rekebisha thamani. Ukiibiwa, ripoti polisi mapema na uijulishe kampuni.

Ndiyo, ada itapanda, na kwa mwenye pete moja huenda bima isilipe. Ila kwa mwenye akiba ya miaka 20 kabatini, kubana ada kwa kuacha thamani ya zamani ni kujipunguzia fidia mwenyewe.

Ukiona umelipwa kinyume na mkataba, unaweza kulalamika kwa mamlaka ya bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini nao wataanza na swali lilelile: kwenye mkataba uliandika thamani gani?