Amana Iliyomo Ndani ya Mashine

Wengi wetu twadhani kwamba mashine ya kutolea nakala ikishatoa karatasi, kazi yake imekwisha. Sivyo. Nyingi katika zile kubwa za maofisini zina diski ndani yake, na waraka uliopita huweza kubaki humo.

Mwaka 2010, shirika la habari la CBS la Marekani lilinunua mashine kuukuu. Moja ilikuwa imekodiwa na Affinity Health Plan, kampuni ya bima ya afya ya New York, na ndani yake mlikutwa habari za maradhi ya watu. Kampuni ilikadiria kuwa watu hadi 344,579 huenda walidhurika. Na mwaka 2013 ilikubali kuilipa serikali dola 1,215,780.

Basi wewe uliyekabidhiwa ofisi, kabla hujairudisha mashine au kuiuza, mwite fundi aifute diski yake barabara au aitoe. Wala usiache karatasi juu ya mashine. Kama yaweza kungoja namba yako ya siri ndipo ichape, itumie hivyo. Siri ya mgonjwa ni amana, na amana haimtoki mtu shingoni kwa kusema hakujua ilikolala.