Majirani wa Bonde la Kilombero

Habari za bonde la Kilombero zinapowafikia watu wa Visiwani, aghalabu huwa za namna mbili tu: ama mafuriko, ama ugomvi wa wakulima na wafugaji. Za kwanza huonewa huruma. Za pili husomwa kwa haraka na kusahauliwa, kama kwamba ni mambo ya Mndamba na Msukuma yasiyomhusu mtu wa Mkoani wala wa Makunduchi. Tunapenda kusema wazi kwamba kutazama jambo hili kwa jicho hilo ni makosa, na kwamba maofisa wanaolitazama hivyo hivyo wakiwa maofisini mwao wamekwisha kulisababishia bonde hasara kubwa.

Bonde lenyewe limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Masika mto hufurika na kutandaa juu ya uwanda mpana. Kuanzia kati ya mwaka maji hurudi nyuma na kuacha udongo wenye unyevu na majani mabichi, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi zimekwisha kukauka. Unyevu huo huo mmoja ndio unaotafutwa na mpunga, na samaki, na ng'ombe, na mnyama aitwaye sheshe ambaye makao yake makuu duniani yalikuwa hapo. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa kwa Mkataba wa Ramsar. Kila mmoja, basi, ana sababu yake ya kulitaka, na kila mmoja anasema kwamba yeye alitangulia.

Ni nani aliyetangulia? Wandamba, mabwana wa mitumbwi, wana madai makongwe. Lakini Wambunga wa Ifakara waliingia bondeni katika karne ya 19, katika misukosuko ile ile iliyowatawanya Wangoni. Wabena waliteremka kutoka nyanda za juu katika karne hiyo hiyo. Wapogoro ni watu wa Mahenge. Kiwanda cha sukari kilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilivuta vibarua wa kila mkoa, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikawaacha wengine njiani, Mlimba na Ifakara, ambako wamezaa na kuzikana. Wamang'ati, Wamasai na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, hasa tangu miaka ya 1980, ni wageni wa mwisho katika msururu mrefu wa wageni. Hatusemi haya ili kumnyima Mndamba haki yake. Twayasema kwa sababu neno “mhamiaji” linatumika siku hizi bondeni kama tusi, na wanaolitumia wengi wao ni wajukuu wa wahamiaji.

Inafaa pia kuuliza kwa nini watu hawa wakahama. Hakuna mtu anayeswaga mifugo yake mamia ya maili kwa kupenda matembezi. Wamang'ati walipoteza malisho yao bora Hanang katika miaka ya 1970 na 1980, wakati mashirika ya umma yalipochukua kiasi cha eka laki moja kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano, kwa msaada wa Kanada. Wengine, pamoja na Wasukuma wengi, walikwenda Usangu, kwenye majani ya Ihefu. Mwaka 2006 wakaamriwa kuondoka huko nako, kwa hoja kwamba mifugo inaukausha mto Ruaha Mkuu unaojaza mabwawa ya Mtera na Kidatu. Walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wako waliofika, na wako walioishia Kilombero.

Hapa ndipo mtu wa Visiwani anapoingia katika kisa hiki bila ya kujua. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza ukiwa ule wa mwaka 1980, na Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Sisi ambao hatujasahau giza la miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, twajua thamani ya taa (ingawa safari ile kosa halikuwa la maji wala la ng'ombe). Mitambo ya Kidatu, iliyo ukingoni mwa bonde, ilisukumwa na maji ambayo wafugaji wa Ihefu walihamishwa kwa ajili yake. Sasa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024 na kukusudiwa kutoa megawati 2,115, lategemea kwa zaidi ya nusu maji yashukayo kutoka Kilombero. Yaani mfugaji aliyeondolewa Ihefu kwa sababu ya taa zetu amefika mahali ambapo ataambiwa aondoke tena kwa sababu ile ile.

Tuyaone sasa mambo yenyewe yanavyotokea, kwani ugomvi wa bondeni hauanzi kwa mikuki. Mkulima huacha nyumba yake ya kijijini na kuhamia shambani uwandani kwa miezi, hujenga dungu, hufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Usiku mmoja ng'ombe huingia. Asubuhi mpunga wa familia nzima umekanyagwa. Huitwa mtendaji wa kijiji, na bwana shamba huja kupima hasara. Kutoka hapo kila upande una malalamiko yake, na kwa kadiri tunavyoyaelewa, pande zote mbili zina haki ya kulalamika. Mkulima husema kwamba mwenye ng'ombe ana fedha, kwa hiyo kesi hucheleweshwa hadi mkulima achoke. Mfugaji husema kwamba fidia hupandishwa kupita thamani ya mavuno yenyewe, kwamba hulipa mara mbili na tatu bila ya stakabadhi, na kwamba katika kila ugomvi yuko mtu wa tatu anayekwenda nyumbani na kitu mfukoni.

Mtu huyo wa tatu ndiye asiyetajwa katika taarifa za wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Hata hivyo si siri kwamba po pote katika vijiji vya namna hii mfugaji akifika na mifugo mia mbili hakaribishwi na mkutano mkuu. Hukaribishwa na watu wawili au watatu, kwa makubaliano ya chini ya mwembe, naye huonyeshwa ardhi ambayo mwingine anadhani ni yake. Mwaka wa pili wale wale waliompokea husimama mbele ya Mkuu wa Wilaya na kulalamikia uvamizi. Tungependa kuona, japo mara moja, operesheni inayoanza kwa kuwauliza hao.

Operesheni za namna nyingine tumeziona za kutosha. Sehemu kubwa ya bonde ilikuwa Pori Tengefu tangu mwaka 1952, na vijiji vilikua ndani yake bila ya mtu kusema neno. Kisha Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ikapiga marufuku kuchunga mifugo katika mapori tengefu, na mwaka 2012 ikaja Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, ambayo iliondoa mifugo kwa maelfu. Mwaka 2023 eneo likapandishwa kuwa Pori la Akiba, na safari hii hata mkulima wa mpunga akajikuta upande wa pili wa mpaka. Hatukatai kwamba bonde linahitaji kuokolewa. Lakini ng'ombe anayeondolewa hafi. Huenda kwa jirani, na huko huanza kisa kipya chenye majina mapya. Aliyefukuzwa Ihefu alikuja Malinyi. Aliyefukuzwa Malinyi atakwenda wapi? Daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 kila mtu alifurahi, nasi tulifurahi. Mpunga wa Ulanga na Malinyi hausubiri kivuko tena. Lakini hata barabara huleta watu, na ni vema watu wapangiwe mahali kabla hawajafika.

Gharama ya kuchelewa inajulikana katika mkoa huo huo wa Morogoro. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya aina hii. Na sisi Visiwani tusijifanye watazamaji. Katika Unguja palikuwa na watu wengi, baadhi yao wenye asili ya Bara, waliokaa kwenye mashamba ya wengine kwa ruhusa, wakilima muhogo chini ya minazi na mikarafuu, na mwenye shamba akafaidika kwa shamba lake kupaliliwa. Jirani na jirani wakaazimana chumvi. Siasa za baada ya uchaguzi wa 1957 zilipoingia, watu walianza kuulizana asili, wengine wakafukuzwa mashambani, na katika machafuko ya Juni 1961 watu 68 wakapoteza maisha. Ujirani ule ulikuwa wa kweli. Haukuwa na ulinzi wo wote ila tabia njema ya watu.

Mambo haya hayana rangi maalumu wala bara lake. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, mitaa ya kusini ambayo mwaka 1970 ilikuwa karibu yote ya Waamerika Weusi, leo wakazi wake wengi ni watu wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Wa kwanza waliona wageni wakichukua kazi na nyumba. Wa pili waliona wenyeji wakiwadharau kwa lugha yao. Wote wawili walikuwa maskini, na waliogawa kazi na nyumba hizo hawakuwa wakikaa katika mitaa hiyo.

Ifakara mjini, kwa bahati nzuri, bado pana kitu cha kuokoa. Mtu atakayetembea Kibaoni, Viwanja Sitini au Lipangalala hatakuta ngome mbili. Watoto wa pande zote wanakaa dawati moja. Msukuma si mfugaji tu bali pia ni mkulima hodari, na plau ya kukokotwa na maksai, iliyoenea bondeni kwa sehemu kubwa pamoja na Wasukuma, leo hukodiwa na Mpogoro aliyekuwa akilima eka moja kwa jembe la mkono. Maziwa, samaki na mchele hupishana mlangoni. Na Tanzania ina dawa ya kale inayoitwa utani: Mnyamwezi na Mzaramo waliupata katika misafara ya biashara, na makabila mengine yaliupata baada ya vita, hata mtu akawa na haki ya kumdhihaki mtani wake na wajibu wa kumzika. Haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa na watu waliochoka kuuana, na hakuna sheria inayowakataza wazee wa bondeni kutengeneza mwingine.

Lakini utani haupimi mipaka. Kazi hiyo ni ya Serikali, na vyombo anavyo ofisa wa wilaya: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010. Vijiji vimepimwa, ramani zipo, nyingine zimefungiwa kabatini. Kinachokosekana ni mfugaji kukaa kitako katika halmashauri ya kijiji iliyopanga ramani hiyo, akajua njia ya ng'ombe wake ipite wapi, lambo na josho vichimbwe wapi, na idadi gani ya mifugo haitavumiliwa na ardhi. Tangu kampeni ya kupiga chapa mifugo ya mwaka 2017 haiwezi kusemwa kwamba ng'ombe wa nani hawajulikani. Na fidia ya mazao ilipwe kwa stakabadhi, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, katika siku chache baada ya hasara, kwani mpunga uliokanyagwa mwezi wa nne huleta njaa kabla kesi haijasikilizwa.

Kila mwaka, kiasi cha mwezi wa sita, maji ya uwandani huanza kushuka na makundi ya ng'ombe huanza kuteremka. Mkutano wa kuwakalisha pamoja wazee wa mpunga na wazee wa mifugo wa Ulanga, Malinyi na Kilombero wapaswa kuitishwa kabla ya mwezi huo, na kuitishwa na Mkuu wa Mkoa mwenyewe, na watendaji wa vijiji wakae mbele mahali ambapo kila mtu anaweza kuwauliza ni nani aliyempa nani ardhi ipi, na kwa kiasi gani.