Nani kasema lazima nichague, matangazo au riwaya?

Najua nimepotea. Wiki ya kwanza nilikuwa na majaribio mawili mfululizo, wiki ya pili nilikuwa na hasira, na leo hasira zimepoa kiasi cha kuweza kuandikika. Kaeni basi niwape.

Kwa aliye mgeni humu: nasoma ualimu, Kiswahili na Historia, mwaka wa pili. Boom likikata (na si mnajua linavyokata, wiki ya tatu tu umebaki na chapati na maji) naishi kwa kuendesha kurasa za wafanyabiashara wawili wa Kariakoo, Instagram na Facebook. Mmoja anauza madera, mwingine viatu vya mtumba. Napiga picha, naandika maneno, najibu wateja, naangalia tangazo lipi la kulipia limeleta watu na lipi limekula hela bure. Kwa mwezi wote wawili wananipa 150,000. Usiku naandika riwaya. Imefika kurasa 140 za kaunta buku, na imekwama.

Sasa ndani ya siku kumi nimeambiwa mara mbili nichague. Wa kwanza ni mwalimu wangu wa fasihi, mtu ninayemheshimu sana. Aliposikia ninachofanya akatikisa kichwa mbele ya semina nzima, akasema anayeandika matangazo ameuza kalamu, na kalamu ikishauzwa hairudi. Wa pili ni kijana mmoja mwenye suti kali aliyeletwa kutufundisha ujasiriamali. Yeye akasema riwaya za Kiswahili hazina hela, andikeni vitu vifupi, jijengeeni jina mtandaoni, riwaya mtaandika mkistaafu. Ukumbi ukapiga makofi! Hawa wawili hawajuani na wakikutana watagombana, lakini mimi wamenipa hukumu ileile.

Nianze na Mwalimu, kwa adabu zote. Hivi ni wangapi katika hao tunaowasoma kwako walioishi kwa vitabu peke yake? Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, forodhani na kwenye ofisi nyingine, miaka nenda miaka rudi. Kezilahabi alikuwa mwalimu kabla ya kuwa profesa, na Rosa Mistika ilitoka 1971 akiwa ndio kwanza ametoka kumaliza shahada ya kwanza. Elvis Musiba, yule wa Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara kabisa, akafika hadi kuiongoza TCCIA. Ben Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, kisha akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, maana yake vitabu vyake aliviandika na kuviuza mwenyewe. Na kama kosa ni matangazo hasa, Salman Rushdie alikuwa anaandika matangazo huko London wakati anaandika Midnight's Children, iliyotoka 1981 ikachukua Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Joseph Heller alifanya kazi ya kutafutia magazeti ya Marekani watangazaji, akirudi nyumbani jioni anaandika Catch-22, tangu 1953 hadi ikatoka 1961. Kalamu zao ziliuzwa lini, Mwalimu?

Halafu wewe wa suti. Unasema hakuna hela. Sikatai kwamba ni chache. Lakini Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza 2023, mshindi wa kwanza wa riwaya alipewa milioni 10. Najua, huo si mshahara, ni bahati ya mtu mmoja kwa mwaka. Tuache tuzo basi. Wapo watu leo wanauza hadithi kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji anatuma hela kwa simu, anatumiwa sehemu inayofuata. Wanajua wakate wapi ili mtu asilale, wanajua sehemu ngapi watoe bure. Hiyo si ndiyo kazi uliyokuja kutufundisha? Umesimama pale saa nzima unatuhubiria soko na hujui kama wasomaji wa hadithi nao ni soko!

Haya, nimewasema. Sasa nijiseme na mimi, maana nisipofanya hivyo mtanicheka mkijua.

Riwaya yangu ilipokwama nilisingizia muda. Muda, muda, kila mtu hapa chuoni analia muda. Juzi nikampa mwenzangu wa chumbani asome sura ya tisa, msiba kijijini Kilosa, bibi amefiwa na mjukuu na watu wamekaa mkekani. Akasoma ukurasa mmoja, akaniangalia, akauliza: "Samahani, huyu bibi anauza nini?"

Nilikasirika. Nikaichukua nikasoma kwa sauti. Jamani! Sentensi zote maneno manne, matano. Kila aya inaisha na kishindo. Bibi wa miaka sabini, mjukuu yuko ndani hajazikwa, anaongea kama tangazo la madera: "Leo ni leo. Machozi yapo. Moyo haupo." Ilibakia kidogo aseme bei njoo inboksi.

Kwa hiyo Mwalimu ana kaukweli kake, ila amekaweka mahali si pake. Karani wa forodha akitoka kazini alikuwa hajatumia maneno ya hadithi yake, katumia ya vitabu vya ushuru. Mimi maneno ya dera na ya msiba yanatoka ghala moja, tena siku hiyohiyo. Na ofisi ya karani ilikuwa inafungwa. Yangu iko mfukoni, inatetemeka saa tano usiku:

"Mwanangu, mbona posti ya jioni siioni?"

"Shikamoo mama. Ilipanda saa kumi na mbili, mama."

"Marahaba. Basi pandisha nyingine, watu wa usiku ndio wanaonunua."

Na ni kweli wa usiku wananunua, takwimu za ukurasa nimeziona mwenyewe! Nikishapandisha nabaki naangalia laiki zinaingia, nusu saa, saa nzima, kisha nafungua kaunta buku na ukurasa hauna wa kuupenda. Hapo ndipo riwaya inapofia, wadau. Ukizoea kupimwa kila dakika, utaandikaje kitu ambacho mtu wa kwanza atakisoma baada ya miaka miwili?

Basi nimefanya hivi. Posti za usiku naziandika mchana na kuzipanga zijipandishe zenyewe. Kuanzia saa moja jioni simu ya kazi inalala kwa mwenzangu, na kapewa ruhusa ya kuninyima. Riwaya naandika saa kumi na nusu alfajiri, kwa kalamu, kabla sijasoma tangazo hata moja. Nimewaambia wateja wote wawili kwamba baada ya saa moja sipatikani. Mama wa madera kaguna, akasema sawa mwanangu, mradi zipande. Mwenye viatu kasema atatafuta mtu aliye siriasi. Anaondoka na 70,000, na mwisho wa mwezi nina deni la stesheneri. Baba nyumbani anajua naishi kwa boom, msimwambie.

Sura ya tisa nimeirudia mara tatu. Kwenye hii ya tatu bibi haongei kabisa, anapepeta mchele wa kupikia waombolezaji na jirani anamnyang'anya ungo. Kesho saa mbili nina zoezi la kufundisha mbele ya wenzangu, mada ni ngeli, na sijaandaa hata zana moja. Ngoja nikalale.