Ndani ya Mickey kuna mtu

Wiki hii kwenye grupu imezunguka tena ile video ya katuni anayewapita watoto wawili weusi bila kuwashika mkono. Maoni yamekuwa moto. Wengine wanasema huo ni ubaguzi wazi. Wengine wanasema hao watu wanalipwa ili wachekeshe watoto, sasa kwa nini wananuna? Nimesoma yote, nikaona maandishi mafupi ya kwenye simu hayatoshi. Naomba nitoe yangu hapa.

Kwanza tujue video yenyewe. Ni ya Julai 2022, katika bustani ya burudani inayoitwa Sesame Place, mji wa Langhorne, jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Bustani hiyo imejengwa juu ya kipindi cha watoto cha Sesame Street. Rosita, mmoja wa wale wahusika wa manyoya, anapita kwenye gwaride akisalimia watu. Akifika kwa mabinti wawili wadogo waliomnyoshea mikono, anafanya ishara ya mkono kama ya kusema hapana, anaendelea na safari yake. Mabinti wanabaki wameduwaa.

Bustani ilijibu kwamba ishara ile haikuwa ya watoto wale, bali ya mtu mwingine kwenye umati aliyekuwa anaomba Rosita abebe mtoto wapige picha, jambo ambalo haliruhusiwi. Wakasema pia kwamba vazi lile linazuia macho, aliye ndani anaweza asione mtoto aliye chini. Watu wengi hawakukubali maelezo hayo. Bustani ikaomba radhi tena, na baadaye ikatangaza uchunguzi kuhusu usawa wa rangi na mafunzo kwa wafanyakazi wake wote. Baba mwingine alifungua kesi akidai binti yake naye alipuuzwa na wahusika kadhaa mwaka huo huo. Kesi hiyo iliisha Juni 2024. Raia waliochaguliwa kuisikiliza waliamua kwamba ubaguzi haukuthibitishwa, bustani ikashinda.

Mimi siwezi kuwaambia wale mabinti kwamba hawakuumia. Sisi hapa tunajua vizuri kupitwa. Mtu amesimama kwenye foleni tangu alfajiri, halafu anaangaliwa kama hayupo. Mzazi akiona mtoto wake kafanyiwa hivyo ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa na wakubwa.

Lakini ndugu zangu, hebu tumfikirie pia yule aliye ndani ya Rosita. Kama kweli hakuwaona, angefanya nini? Hawezi kuinama akasema, "Samahani mdogo wangu, sikukuona." Kusema amekatazwa. Uso wake hauonekani. Kicheko kilichoshonwa kwenye vazi ndicho kinamsemea, na kile kinasema jambo moja tu siku nzima. Ndiyo maana naona swali la kwanza liende kwa mwenye bustani. Yeye ndiye aliyechagua vazi lisiloona na kanuni isiyosema, na yeye ndiye anayekata tiketi.

Wengi wetu tunaijua Disney kwa filamu. Bustani yao ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955. Ile kubwa, Walt Disney World, ilifunguliwa karibu na Orlando, Florida, mwaka 1971. Huko mfanyakazi haitwi mfanyakazi, anaitwa mwigizaji wa kikosi. Mteja anaitwa mgeni. Kuwa mbele ya wageni kunaitwa kuwa jukwaani. Anayevaa binti mfalme, uso wake uko wazi na anaongea. Anayevaa Goofy au Pluto anafunikwa mwili mzima, kwa kawaida haongei, anaonyesha kila kitu kwa mikono na kichwa. Kiangazi cha Florida joto linapita digrii 30, na yeye yuko ndani ya manyoya na kichwa kizito.

Sasa wageni wenyewe. Desemba 2019 vyombo vya habari vya Marekani viliandika kuhusu wafanyakazi watatu wa Walt Disney World waliokwenda kutoa taarifa polisi. Wa kwanza alikuwa amevaa Minnie. Alimkumbatia mwanamume mmoja na mke wake baada ya picha, kisha yule mwanamume akamshika kifua mara tatu. Mtu wa miaka 61 huyo, mtu mzima kabisa. Akapigwa marufuku kukanyaga tena bustani hizo. Wa pili alikuwa binti wa miaka 18, amevaa Donald. Mwanamke mmoja alianza na picha, mwisho akaingiza mikono ndani ya vazi akimshikashika, na binti alipokimbilia kwa msaidizi wake yule mama akaendelea kumfuata. Binti hakutaka kumshtaki, kwa sababu aliona kama mama yule ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wa tatu alikuwa amevaa Mickey. Bibi mmoja alimpigapiga kichwani kwa upendo tu, mara tano. Kile kichwa cha vazi kikamshukia, shingo ikaumia, akaenda hospitali.

Angalieni jinsi hao wageni watatu wanavyotofautiana. Mmoja alikuwa na nia mbaya. Mmoja labda alikuwa mgonjwa. Mmoja alikuwa bibi mwenye furaha. Lakini wote watatu walimshika mtu ambaye hawezi kusema "acha", na uso anaouvaa uliendelea kucheka wakati anaumia. Hapo ndipo naona shida yenyewe ilipo. Tabasamu lililochorwa na kampuni si ruhusa ya aliye ndani. Ukimwona katuni anacheka, usidhani amekubali umvute mkia, umrukie mgongoni au umpige ngumi ya utani. Hujui anafanya uso gani mle ndani.

Kuna wanaosema: si alichagua mwenyewe hiyo kazi? Na mgeni amelipa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu kwa siku moja, ana haki ya kufurahi. Sawa, hilo nalikubali kwa sehemu. Mtoto aliyesubiri mwaka mzima kumwona Mickey asikutane na mtu mkali. Aliyeshindwa kuvumilia watoto atafute kazi nyingine. Lakini tiketi inanunua mchezo, picha na salamu. Hainunui mwili wa mtu. Kwani ukilipa nauli ya basi unapata na haki ya kumpiga kofi kondakta?

Pia tusidanganyane kuhusu hili neno "kulipwa kucheka". Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild wa Marekani alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaeleza kwamba kuonyesha furaha kwa amri ya tajiri ni kazi kama kazi nyingine, inachosha, na mtu anaweza kufika mahali asijue tena ni lini anacheka kwa kutaka. Tukimwona mtu wa kazi hiyo amenuna, tusikimbilie kusema ana roho mbaya. Tuulize amesimama saa ngapi, amepumzika lini, na nani kamshika vibaya saa moja iliyopita.

Jambo lililonipa moyo ni kwamba hawakukaa wakisubiri wageni wawe na adabu. Huko Florida zamani waliovaa katuni walikuwa wanapewa nguo za ndani za pamoja. Unaivaa leo, inafuliwa, kesho anaivaa mwenzako. Wafanyakazi wakalalamika kwamba zinarudi hazijatakata vizuri, na wapo waliopata upele na chawa. Chama chao cha wafanyakazi, tawi la Teamsters, kilidai, na mwaka 2001 wakapata haki ya kila mtu kuwa na zake na kuzifua nyumbani. Jamani, mtu anamfurahisha mtoto wa tajiri kutoka dunia nzima, halafu nguo ya ndani mpaka aipiganie!

Na Mei 2024 waigizaji wa katuni na magwaride wa Disneyland ya California, kama watu 1,700, walipigiwa kura suala la kuingia chama cha Actors' Equity. Kura 953 zilisema ndiyo, 258 zilisema hapana. Madai yao yalikuwa mishahara, ratiba za kazi na usalama. Yaani watu ambao kazini hawaruhusiwi kutoa sauti walienda kutafuta sauti mahali pengine, kwa karatasi ya kura.

Kwa nini nawaandikia haya ninyi mlioko kambini, ambao wengi hatujawahi kuona hata geti la bustani hiyo? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza, wapo wenzetu waliopanda ndege. Wamefika Marekani, na kazi za kwanza wanazopata wageni wengi ni za namna hiyo: hoteli, jikoni, usafi, kuhudumia watu kwa tabasamu. Siku moja wewe unaweza kuwa mgeni mwenye tiketi na simu mkononi, au ukawa yule anayetakiwa kucheka. Ujue adabu ya pande zote mbili kabla hujafika.

Ya pili iko hapa hapa. Sisi volontia tunaolipwa insentivu tunavaa fulana ya shirika. Ukishaivaa, watu hawakuoni tena wewe, wanaona shirika. Mgao ukipunguzwa, uamuzi umetoka mbali, lakini matusi yanamfuta yule kijana aliyeshika orodha mlangoni. Nimeshuhudia dada mmoja anatemewa mate kwa sababu ya kilo za unga ambazo hakuzipunguza yeye. Naye alikuwa ameambiwa awe mpole, atabasamu, asijibu. Hana habari ya kutoa, hana ruhusa ya kusema "sijui, ngoja nimwite mkubwa". Hapo ana tofauti gani na aliye ndani ya Rosita?

Kwa hiyo kwenu wakubwa wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, naomba mambo matatu, na si makubwa. Mkituweka mbele ya watu, tupeni habari kamili kabla ya wao kufika, ili tuwe na jibu. Mtoe ruhusa iliyo wazi kwamba volontia akishikwa, akitukanwa au akitishiwa, anaweza kuondoka pale bila kupoteza nafasi yake. Na awepo mfanyakazi mwenye mamlaka karibu, kama wale wa katuni wanavyokuwa na msaidizi wa kutembea nao. Mafunzo ya kutabasamu tumepata ya kutosha.

Na kwetu vijana: kabla hujasambaza video ya mtu wa kazi "mwenye roho mbaya", jiulize ni nani hapo hawezi kujibu. Uliza pia nani aliandika kanuni anayoifuata. Mtoto aliyeumizwa tumtetee, hilo halina mjadala. Lakini lawama ifike mpaka juu, isiishie kwa aliyevaa manyoya au aliyevaa fulana.

Kama una mawazo tofauti, andika hapo chini. Tubishane kwa heshima.