Wasanifu Majengo na Wajifunze Kuuliza

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka jana niliombwa na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili niandamane naye hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Yeye husomea usanifu wa majengo endelevu, yaani majengo yanayompa binadamu makao mema pasi na kuangamiza misitu, maji na udongo ambavyo vizazi vijavyo vitavihitaji. Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ilikuwa kuikagua tafsiri ya Kiswahili ya hojaji aliyoiandika kwa Kiingereza. Naungama kwamba niliikagua kwa pupa.

Swali la nne lilimtaka fundi aeleze "starehe ya joto" katika nyumba alizozijenga. Fundi wa kwanza tuliyemfikia, mzee aliyekuwa akipiga plasta nyuma ya nyumba ya kulala wageni, aliuweka mwiko wake chini akacheka hadi machozi. Malaba ni mji wa madereva wa malori wanaosubiri stakabadhi za forodha, na neno starehe lina maana yake mahususi pale. "Mwalimu," akaniambia, "mambo ya starehe mwulize mwenye nyumba. Mimi ni wa kujenga tu."

Tulipomwuliza upya, iwapo mtoto aweza kupata usingizi ndani ya nyumba ile saa nane mchana, alitupa somo la saa nzima.

Alianza na upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. (Neno alilolitumia lilikuwa la Kiteso, mimi ndimi niliyemkumbusha la Kiswahili.) Katika nyumba za nyasi za zamani, upenu ulishuka chini hata mtu mzima akalazimika kuinama aingiapo. Ukuta wa udongo ulikaa kivulini na mvua haikuufikia. Yalipokuja mabati, ambayo hununuliwa moja moja kwa fedha taslimu, kitu cha kwanza kupunguzwa kilikuwa upenu. Sasa jua lauchoma ukuta, mvua yaumega kutoka chini, na mwenye nyumba huambiwa kwamba udongo haufai, anunue saruji. "Udongo hauna kosa," alisema mzee. "Kosa ni la upenu."

Aidha, alitueleza kwamba nyumba nyingi kandokando ya barabara ya kuelekea Busia huelekezwa barabarani kwa ajili ya biashara, bila kulijali jua. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalozipiga kuta. Hivyo basi kuta fupi, zisizo na madirisha, ndizo zinazostahili kuelekea mashariki na magharibi. Alituonyesha pia tanuri la matofali na rundo la kuni kando yake, akauliza miti hiyo itatoka wapi miaka kumi ijayo. Hapo hatukuhitaji tafsiri.

Njiani mwanafunzi aliniambia kwamba mengi kati ya hayo alikuwa amekwisha kuyasoma darasani, kwa michoro na takwimu. Sina shaka nalo. Linalonisumbua ni kwamba maarifa yale yale yamekaa katika sehemu mbili, chuoni na jengoni, na hakuna lugha inayoyapitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mzee huyo hataisoma tasnifu hiyo, na mwenye nyumba ataendelea kununua saruji.

Kasoro hii ina historia. Masomo ya juu ya ujenzi katika nchi za joto yalianzishwa London mwaka 1954, katika shule ya Architectural Association, baada ya mkutano wa mwaka 1953 katika University College. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, mafunzo ya usanifu majengo yalianza Nairobi, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizoziiga za Uingereza, zikatutawala kwa zaidi ya nusu karne. Katika yote hayo, lugha ilikuwa Kiingereza.

Hata hivyo, sidai kwamba turejee kwenye nyasi. Nyasi huwaka moto, huvuja, na siku hizi ni adimu. Mzee mwenyewe hulala chini ya bati. Mfano ulio bora zaidi watoka Burkina Faso. Francis Kéré, akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, aliwajengea watu wa kijiji chake cha Gando shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walifyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati likainuliwa juu ya dari ya matofali ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka. Upenu wake ni mpana. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker. Walimu wa Busia ambao hulazimika kunyamaza mvua ipigapo bati, na wanaowaona wanafunzi wakisinzia alasiri, watalielewa jengo hilo upesi kuliko maprofesa.

Napendekeza, basi, kwamba mwanafunzi wa uzamili katika fani hii akae na mafundi muhula mmoja kabla ya kuliandika pendekezo lake la utafiti, na kwamba tasnifu yake isipokewe bila muhtasari wa Kiswahili na orodha ya maneno ya ujenzi, yakiwemo ya Kiteso na Kikhayo. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. La hasha! Boriti, fito, makombamoyo, kukandika na upenu ni maneno ya Waingereza? Na yanayokosekana huundwa. Hilo neno endelevu lenyewe liliundwa kutokana na endelea, kama sikivu kutokana na sikia.

Swali la nne tuliliandika upya usiku ule ule. Kesho yake mzee alilijibu bila kucheka, kisha akamwuliza mwanafunzi kitabu chake kitaletwa Malaba mwezi gani.