Tununue wapi baada ya soko kuu?

Mgeni akifika Bujumbura na kuniuliza aende kununua wapi, siku hizi namjibu kwa swali: una muda, na nauli unayo? Zamani jibu lilikuwa fupi. Nenda soko kuu.

Soko lile liliteketea Jumapili, tarehe 27 Januari 2013. Magari ya zimamoto yalikuwa machache mno, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima. Kuna waliolala na mali Jumamosi wakaamka na madeni ya benki. Hayo yalisemwa sana. Lisilosemwa sana ni hasara yetu sisi wanunuzi.

Soko kuu lilikuwa mizani yetu. Kitenge, sufuria, mchele, ndagala, vyote mahali pamoja. Muuzaji akikutajia bei ya kuruka, unapiga hatua kumi, unasikia ya pili na ya tatu, unarudi ukiwa unajua. Hata butiki za mjini, zenye vioo na sanamu zilizovalishwa suti, zilijua kwamba mteja ana pa kukimbilia.

Baada ya moto wauzaji walitawanyika: Ruvumera kule Buyenzi, kwa Siyoni, na Ngagara katika soko linaloitwa Cotebu kwa jina la kiwanda cha nguo cha zamani. Mimi napenda Ruvumera, nakiri. Pale bei inapatanwa kwa Kiswahili, na anayekijua hanyolewi kwa urahisi. Lakini nilipotafuta kitenge cha harusi ya mpwa wangu, Ruvumera nilipata rangi, bei ikanishinda. Nikapanda basi hadi Cotebu. Bei nafuu, rangi hakuna. Niliporudi, yule wa kwanza alikuwa ameshafunga. Mwenye gari atacheka. Mama anayenunua mchele kilo moja moja hawezi kuzunguka hivyo. Atanunua duka la jirani kwa bei anayoambiwa.

Wapo wanaosema afadhali tumetawanyika, kwani moto hauwezi tena kuwameza wote kwa siku moja. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini njia pana kati ya meza, maji ya kuzimia moto, nyaya za umeme zilizofungwa na fundi na bima ya lazima ni mambo yanayoweza kupangwa kabla ya tofali la kwanza.

Kwa miaka mingi mahali pale palibaki magofu, katikati kabisa ya mji. Kila ninapozungumza na wenzangu juu ya kujenga upya, nasikia ndoto za ghorofa na maduka ya kisasa. Sina ugomvi na ghorofa. Nataka tu ile ya chini iwe ya meza ndogo ndogo, kwa kodi anayoimudu muuza nyanya, na walioungua mwaka 2013 waitwe kwanza.